Sili-Tembo na Matanga ya Mansfield

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka kwanza, kisha kicheko kinanikauka. Ni siku niliyopiga simu California kuomba watu wakamwokoe mnyama ambaye hakuwa na shida yoyote. Nilikuwa nimeketi Plano, hapa Texas, sebuleni kwa mwanamke mzee niliyekuwa nikimhudumia, na bahari ya huko sikuwa nimewahi kuitia machoni. Wakati huo sikuwa na mvi hata moja na nilijiona najua mambo. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Mimi nilikuwa nimekaa katikati ya giza hilo nikidhani ni mchana.

Yule mwanamke nilimwita Miss Loretta, maana ndivyo watu wa Texas wanavyowaita wanawake watu wazima, hata mwenye vitukuu ni Miss tu. Miguu ilikuwa imemgomea. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia, na kukaa naye mpaka binti yake arudi kutoka kazini. Ujanani aliishi pwani ya California, na alikuwa akijitolea kusimama ufukweni kuwazuia watalii wasiwasogelee sili. Siku hizi ufukwe ule una kamera, na picha zake huonekana moja kwa moja kwenye runinga kutwa kucha. Basi Miss Loretta hakutaka tamthilia wala taarifa ya habari. Alitaka ufukwe wake.

Huenda hujamwona mnyama huyo, ngoja nikueleze alivyo. Sili ni mnyama wa baharini mwenye damu moto, ananyonyesha, ana manyoya mafupi, na miguu yake imekuwa mapezi. Wako sili wengi, ila hawa wa Miss Loretta ndio wakubwa kupita wote, wanaitwa sili-tembo. Dume ni mrefu kuliko gari la familia, tena mzito kulishinda, na puani ana mnofu unaoning'inia kama mkonga uliokatwa kabla ya wakati. Jike ni mdogo sana mbele yake, hana mkonga, na ukiwaona pamoja utadhani ni wanyama wawili tofauti. Shingo ya dume na kifua chake vimejaa makovu magumu, kwa kuwa wakati wa baridi madume hupigania majike mpaka damu ichuruzike. Akinguruma ni pikipiki isiyo na bomba la moshi. Nchi kavu hawezi kutembea. Hujivuta kwa tumbo huku mafuta yote yakitikisika, kidogo tu halafu anapumzika. Nilimwambia Miss Loretta kwamba fundi aliyemshona huyu alikuwa amebakiwa na vitambaa.

Sasa, ilikuwa mwezi wa saba, joto la Texas linachemsha lami, nikaona dume mmoja amelala karibu na kamera. Ngozi ilikuwa inambambuka. Si manyoya peke yake, la, ngozi yenyewe ilikuwa ikitoka vipande vipande, imening'inia ubavuni kama rangi ya ukuta uliolowa. Macho yalikuwa yanamtoka machozi. Hakula, hakunywa, hakuondoka. Siku ya kwanza nikanyamaza. Siku ya pili alikuwa pale pale. Siku ya tatu nikashindwa, nikachukua simu nikapiga namba iliyokuwa imeandikwa chini ya picha. Akapokea binti mmoja mwenye adabu zake. Nikamwambia mnyama wao anakufa na watu wanapita tu.

Akanijibu taratibu kwamba wanapigiwa simu kama yangu kila mwaka, na kwamba mnyama yuko salama. Nyuma yangu Miss Loretta alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Zuhura," akaniambia, kwa Kiingereza bila shaka, nami nakupa kwa Kiswahili, "hafi huyo. Anabadilisha ngozi. Kila mwaka lazima aivue yote, na wakati huo hali chochote, anaishi kwa mafuta yake. Ukimsukuma arudi majini utamuumiza, maana damu yake sasa iko juu kwenye ngozi inayoota, na bahari ile ni baridi kama barafu. Watu wema walikuwa wakinijia na ndoo za maji wawamwagie sili. Nikawafukuza. Mwache."

Hilo neno, mwache, likaniingia. Liliniingia kwa sababu nyumbani kwangu, mji wa Mansfield hapa hapa Texas, nilikuwa na wangu aliyelala.

Ndugu yangu Salum ndiye kitinda mimba wa mama yetu, na ndiye mtoto wa kiume pekee. Tulikuwa tukiishi wawili kwenye nyumba ya kupanga. Usiku alifanya kazi kwenye ghala la mizigo, mchana akisomea uuguzi. Miezi michache kabla ya hapo mama yetu alizidiwa kule Tanga. Mimi karatasi zangu zilikuwa zimekamilika, nikapanda ndege nikaenda kumuuguza, na Shangazi yetu Mwanaidi, dada wa baba, naye akatoka kwake Missouri City, huko Houston, tukakutana Tanga. Salum karatasi zake zilikuwa bado ziko mezani kwa wakubwa. Mwanasheria alimwambia wazi kwamba akitoka nje ya nchi kabla hazijapita, mlango unajifunga nyuma yake. Akabaki. Mama akafariki mikononi mwetu, tukamwosha mimi na Shangazi, wanaume wakamchukua makaburini. Binamu yetu alishika simu juu ili Salum aone. Kwake ilikuwa asubuhi, ametoka shifti, ameketi ndani ya gari kwenye maegesho ya ghala.

Tanga matanga yakawekwa kama inavyopasa. Majirani walikuja na mikeka, wakalala chini nasi, wakala nasi, wakalia nasi, wakatuchekesha pia, mpaka siku ya kuanua. Mimi likizo ikaisha nikarudi. Shangazi akasema yeye anangoja arobaini, na baada yake atabaki kidogo na jamaa.

Na huku Texas? Watanzania wa Mansfield na Arlington walimjia Salum jioni moja wakati mimi sipo. Wakaleta pilau, wakasoma dua, wakampa mkono wa pole. Wakaosha na vyombo, siwasemi vibaya. Kisha wakatazama saa, kwa sababu hapa kila mtu ana shifti ya kesho, wakaenda zao. Niliporudi, Salum alinipokea uwanja wa ndege, akanibebea masanduku, akaniuliza kama nimechoka. Sikumweleza lolote. Nilijiambia ameona yote kwenye simu, nikasema nisimtoneshe kidonda.

Akaenda kazini wiki kadhaa kama kawaida. Halafu akaacha kwenda. Akaacha na darasa. Akafunga mlango wa chumba chake, na nikigonga sauti inatoka ndani:

"Niko fine, dada. I'm just tired."

Hapo, mwanangu, nilichanganyikiwa kwelikweli. Mtu mwenye homa utampima, mwenye jeraha utamfunga. Huyu alikuwa mzima wa viungo, na alikuwa ananipotea mle mle ndani ya nyumba. Nywele hachani, ndevu zimemjaa, akipita kwenda msalani ananyata ukutani. Nilikuwa nimezika mama. Niliogopa kwamba nitamzika na ndugu, na sikujua kwa ugonjwa gani.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mama Doreen, Mchagga mmoja muuguzi, mwanamke asiyejua kukaa, alinipigia kila siku.

"Zuhura, m-drag huyo atoke nje. Kukaa bure ndiko kunakommaliza. Hapa hospitali kwetu kuna nafasi, mimi nita-apply kwa niaba yake, yeye aje tu interview."

Nikamwamini siku mbili. Nikasimama mlangoni kwa Salum nikamsomea maneno hayo kwa ukali, nikamkumbusha ada ya shule na heshima ya marehemu. Alivaa viatu akatoka, akakaa ndani ya gari kule chini bila kuliwasha. Nilimwona dirishani. Baada ya muda mrefu akarudi akafunga mlango tena, na sahani ya siku hiyo hakuigusa.

Ndipo sili akaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Nilikuwa nikiendesha kutoka Plano kurudi Mansfield, foleni haisogei, nikawaza: mbona ni yeye yule? Hali, hasogei, ngozi inamtoka, na mimi ndiye mtalii mwenye ndoo ya maji. Nikafurahi kama mtu aliyeokota ufunguo. Tangu siku hiyo nikamwacha Salum. Nikawa naweka sahani mlangoni na kuondoka kwa ncha za vidole. Watu wakipiga simu nawaambia anabadilika ngozi, nao wananiuliza kama na mimi nimelala vizuri.

Siku zikapita. Wakati mwingine sahani nilikuta tupu nikashukuru, wakati mwingine ilikuwa vilevile na wali umekauka. Kule ufukweni dume wangu alianza kung'aa, mgongo mpya wa rangi ya fedha ukionekana. Salum hakung'aa. Sikuelewa. Nilifuata darasa vizuri, mbona mwanafunzi wangu anafeli?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shangazi Mwanaidi alitua Houston akitokea Tanga, akalala siku moja kwake Missouri City, kesho yake akashika barabara kuja kwetu peke yake na umri wake ule. Ilikuwa Ijumaa mchana nilipomfungulia. Kiti cha mbele cha gari lake kilikuwa na sufuria ya wali wa nazi iliyofungwa mkanda kama abiria, na nyuma kuna mikeka ya ukili, mipya, imekunjwa.

"Yuko wapi mwanangu?" akauliza kabla hata ya kuvua viatu.

Nikamwonyesha mlango. Nikamkalisha jikoni nikamweleza, na nilieleza kwa madaha, maana nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa sili. Nikamwambia baharini huyu mnyama huishi peke yake miezi na miezi, huzama kwenye vilindi ambako jua halifiki akitafuta ngisi na samaki, hubana pumzi nusu saa na zaidi, huja juu dakika chache tu akashuka tena, hata usingizi huupata huko huko chini huku anazama. Nikamwambia habari ya ngozi na habari ya baridi. Nikamaliza na neno langu la kwamba aachwe.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa amewahi kusikia habari za sili maishani mwake.

"Na huyo mnyama," akauliza, "wakati ngozi inamtoka, wenzake wako wapi?"

Mwezi mzima nilikuwa namtazama mmoja. Nikatoa simu, nikafungua ule ufukwe, nikamwekea mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikatazama picha nzima. Walikuwa wengi. Walikuwa wamelala wamebanana ubavu kwa ubavu, mwingine ameweka kichwa mgongoni kwa mwenzake, mwingine anamrushia mchanga jirani yake bila kukusudia, na ni madume yale yale yenye makovu waliyotiana wao kwa wao wakati wa baridi. Mchanga ulikuwa mpana, nafasi ilikuwa tele kila upande, na bado walikuwa rundo moja. Mnyama anayekaa peke yake baharini mwaka wake karibu wote, siku ya kuvua ngozi alikuwa amekuja kulala kwa wenzake.

Shangazi akaisogeza simu karibu na macho, akatazama sana.

"Hawa wako matangani," akasema.

Kisha akanigeukia. "Zuhura, sisi kule tulilaliwa matanga. Huyu kalaliwa na nani?"

Nilikuwa nalia.

Hakumgongea Salum. Alitandika mkeka pale pale koridoni, mbele ya mlango wake, akajilaza. Mmoja akanipa mimi. Akaniamuru niwapigie watu, na niwaambie kwamba sufuria anayo, waje na shuka. Mama Doreen alikuja ametoka kazini na sare yake ya uuguzi.

"Lakini Shangazi, mi nina shifti kesho asubuhi," akasema.

"Utaondokea hapa hapa," Shangazi akamjibu. "Kwani barabara imehama?"

Akalala. Kilichonishangaza zaidi ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkenya tuliyemwita Baba Njeri. Yeye na Salum walikuwa hawasemezani tangu wagombanie sehemu ya kuegesha gari. Alisikia kelele za watu, akapanda kuuliza kuna nini, akaambiwa. Akageuka akashuka ngazi, nikadhani ameudhika. Akarudi na blanketi.

"Hata kwetu matanga watu hulala," akasema. "Mi si-mind kulala kwa floor. Nimelala pabaya kushinda hapa."

Palikuwa hapana pa kukanyaga. Wakapiga soga, wakasimuliana misiba ya kwao, Baba Njeri akakoroma kama dume la sili na Mama Doreen akacheka mpaka akajiziba na mto. Nyuma ya mlango hakukusikika kitu.

Asubuhi, baadhi wameshaenda kazini na Baba Njeri bado amejifunika, mlango ukafunguka. Salum alisimama akitazama chini, hana pa kuweka mguu. Shangazi alijisogeza kidogo ukutani akapapasa nafasi kando yake. Salum akalala pale, mtu mzima na ndevu zake, akaficha uso begani kwa Shangazi.

Kisha akauliza, "Nani alimpokea Mama?"

Mwanzoni sikuelewa. Kwetu, mwanangu, maiti ya mama ikishushwa kaburini, watoto wake wa kiume ndio huingia ndani kumpokea na kumlaza. Ilikuwa nafasi ya Salum. Akatueleza kwamba wakati ule hasa, jeneza linafunguliwa pembeni ya shimo, picha iliganda kwenye simu yake. Mtandao ulikatika. Ghalani watu walikuwa wakitoka na kuwasha magari, na yeye ametazama kioo kilichoganda mpaka betri ikaisha. Hakuona mama anashuka, hakuona mchanga unarudishwa. Tangu siku hiyo mama yake alikuwa bado yuko pembeni ya shimo, na hakuna aliyemshika. Mimi sikuwa nimemuuliza hata swali moja. Na jibu pia sikuwa nalo, kwani sisi wanawake hatukwenda makaburini.

Shangazi akapiga simu Tanga. Kule ilikuwa alasiri. Akapokea Mjomba Athumani, ndugu wa mama yetu, akawekwa kwenye spika.

"Nilimpokea mimi, Salum," alisema. "Niliingia kaburini kwa niaba yako. Nilipomlaza nikamwambia, dada, hii ni mikono ya Salum. Kisha nikatupa mchanga mara tatu wa kwangu, na mara tatu wa kwako. Nilidhani umeniona."

Salum akatoa sauti ambayo sijaisikia tena. Baba Njeri aliamka, hakuuliza, akaweka mkono wake mgongoni kwa yule kijana waliyegombana naye, na hakuuondoa.

Tulilala siku tatu. Ya tatu tukasoma hitima, tukaanua matanga ya Mansfield, na watu wakakunja mashuka yao. Jumatatu Shangazi alimpeleka Salum kwa daktari, akakaa naye mpaka akaitwa jina, kwa sababu mkeka haukatazi dawa. Hakupona siku ile wala wiki ile. Ila aliacha mlango wazi, na muhula uliofuata alirudi darasani. Leo ni muuguzi Houston, anaishi karibu na Shangazi, na akifiwa mtu yeye ndiye hutangulia kufika na mkeka.

Nilimsimulia Miss Loretta yote. Akaniambia kwamba mume wake alipofariki watu walimpa nafasi, walimheshimu sana, wakampa nafasi mpaka ikawa kubwa mno. Akarudi kutazama ufukwe wake. Nikavuta kiti changu nikakisogeza mpaka mikono ya viti ikagusana, na kila siku baada ya hapo nilikaa pale.

Mwanangu, nikuambie ninachokijua na nisichokijua. Mpaka kati ya kumwacha mtu apumue na kumtelekeza sijaujua sawasawa mpaka leo, na nimekwisha zeeka. Ninachojua ni kwamba usimsukume arudi baharini kabla ngozi haijaota, hata ukiwa na ndoo ya maji na nia njema. Na usimwachie ufukwe mzima peke yake ukaita heshima. Lala karibu naye. Usiwe na la kusema, haidhuru. Msiba wa wengi harusi, na wahenga hawakusema msiba wa jioni moja.

Na wewe mwenyewe siku ikikukuta, maana itakukuta, usizame ukabana pumzi ukadhani ndio uanaume au ndio Marekani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Panda juu. Piga simu hata kwa yule mliyegombania maegesho.

Mwenyezi Mungu akupe ngozi mpya kila ya zamani inapochakaa. Akupe watu wasiotazama saa. Na siku utakapofungua mlango wako asubuhi, akujalie ukose pa kukanyaga.